Maswali Yenu: Wapiga Kura Wametususa, Tuwarudisheje?

Mwezi huu nimeweka maswali mengine yote pembeni. Barua za siasa zimejaa na ukizisoma unakuta nyingi zinauliza kitu kile kile kwa maneno tofauti, kwamba watu waliokuwa wetu wamenuna, mikutanoni hawaji, siku ya kura wanalala, sasa tufanyeje. Wameandika makatibu, wagombea, vijana wa kampeni, na mzee mmoja ambaye yeye ndo amesusa mwenyewe. Majina nimeyatoa yote maana nikiyaacha kuna watu humu wataitwa kwenye vikao.

Mimi ni katibu wa tawi. Uchaguzi uliopita tulishuka vibaya na viongozi wa juu wanasema watu wetu wamehamia kwa wapinzani, twende tukawachukue huko. Mimi nikipita mtaani hao waliohama siwaoni, naona watu wako kimya tu. Nani yuko sahihi?

Ndugu katibu, amini macho yako kabla ya kuamini ripoti ya kikao. Mara nyingi sana chama kikishuka viongozi wanasema "tumeibiwa watu" kwa sababu ni stori inayowafaa, kosa linakuwa la huyo aliyeiba. Wakisema watu wamelala majumbani, swali linalofuata ni nani amewachosha, na hilo hakuna anayetaka kulijibu mezani.

Angalia Ghana. Mwaka 2020 Rais Nana Akufo-Addo wa chama tawala cha NPP alipata kura zaidi ya milioni 6.7. Ikaja 2024, NPP ikamsimamisha makamu wake Mahamudu Bawumia, hakufika hata milioni 5. Ukisikia hivyo unasema basi wote wamekimbilia kwa John Mahama wa chama cha upinzani cha NDC, lakini Mahama alitoka kwenye milioni 6.2 akafika milioni 6.6 hivi, yaani aliongeza laki chache tu. Sasa zile nyingine, karibu milioni moja na nusu, ziko wapi? Kwa sehemu kubwa hazikutoka nyumbani. Watu walikuwa wametoka kwenye maisha magumu, mfumuko wa bei ulipita asilimia 50 mwishoni mwa 2022, serikali ikasimamisha kulipa sehemu ya madeni ya nje, mtu wa NPP akajikuta hawezi kumpigia Mahama ambaye amempinga maisha yake yote na hawezi kuwapigia wenzake waliomfikisha hapo, akabaki kwake.

Afrika Kusini mambo yalikuwa mchanganyiko. Chama tawala cha ANC kilitoka asilimia 57.5 mwaka 2019 kikaanguka mpaka 40 na kidogo mwaka 2024, kutoka kura milioni 10 kwenda milioni 6.5 hivi. Pale kweli kuna waliohama, maana chama cha MK cha rais wa zamani Jacob Zuma kilichozinduliwa Desemba 2023 kilizoa zaidi ya asilimia 14 kikiwa na miezi michache tu, lakini na mahudhurio nayo yalishuka, kutoka asilimia 66 mpaka chini ya 60. Kwa hiyo kule kuna waliokwenda na kuna waliolala, na dawa yao siyo moja.

Kazi yako wewe ni kutafuta matokeo ya kituo kimoja kimoja, ya uchaguzi huu na ule wa nyuma yake, uyaweke sambamba uyalinganishe. Kituo ambacho kura zenu zimeshuka na waliojitokeza wameshuka na mpinzani yuko pale pale, hapo watu wamelala. Kituo ambacho waliojitokeza ni wale wale na mpinzani amepanda, hapo wamehama kweli. Ukikuta kura zilizoharibika zimepanda ghafla hapo kuna hasira, mtu ametoka nyumbani akapanga foleni ili akuharibie karatasi, huyo usimdharau hata kidogo, anafuatilia siasa kuliko nusu ya wajumbe wenu. Na ukikuta kachama kadogo kamepata kura za ajabu mahali ambapo hakana hata ofisi, huo ni ujumbe mmetumiwa.

Hii kazi inachosha na haina posho ndo maana haifanywi. Lakini bila hiyo mtaenda kuhubiria wasiohitaji, na kibaya zaidi mnaweza kuharibu. Chama kikiamini watu wamehamia kwa mpinzani kinaanza kuiga sera za mpinzani ili kiwavute, halafu yule wa kwake aliyelala akisikia anasema kumbe siku hizi wote mnaongea lugha moja, anageukia ukutani anaendelea kulala.

Mgombea wetu alisimama jukwaani akaomba radhi kwa yaliyotokea, watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Uchaguzi ukaja tukapigwa vile vile. Sasa watu wanataka nini jamani? (Mjumbe wa kamati ya kampeni)

Wanataka kuona umepoteza kitu. Hilo ndo jibu langu na ningeweza kuishia hapo ila ngoja nieleze maana najua utasema ni rahisi kusema.

Uingereza mwaka 2010 wagombea wa chama cha Liberal Democrats walisaini ahadi hadharani kwamba watapiga kura bungeni kupinga kupandishwa ada za vyuo vikuu. Wanafunzi wakawapenda. Wakaingia serikalini kwa muungano na chama cha Conservatives, na Desemba mwaka ule ule bunge likapitisha ada ipande mpaka pauni 9,000 kwa mwaka, wabunge wao wengi wakiwemo mawaziri wakaunga mkono. Septemba 2012 kiongozi wao Nick Clegg akatoa video ya kuomba radhi. Sasa sikiliza vizuri alichoomba radhi, aliomba radhi kwa kutoa ahadi ambayo wasingeweza kuitimiza, hakuomba radhi kwa kuivunja, na ada ikabaki pale pale ilipo, na mawaziri wakabaki kwenye viti vyao. Uchaguzi wa 2015 wakatoka wabunge 57 wakabaki 8. Nane!

Mimi naamini yule bwana alimaanisha. Lakini mpiga kura aliyeudhika haangalii machozi, anaangalia meza kuu. Kama aliyemuudhi bado amekaa katikati anakunywa maji ya chupa, na lile lililomuudhi bado ni sheria, basi radhi ni hotuba kama hotuba nyingine.

Linganisha na Wajerumani. Chama cha SPD baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilikuwa kinashindwa tu, mwaka 1957 kilipata asilimia 31.8. Novemba 1959 wakakutana Bad Godesberg wakapitisha programu mpya, wakaachana na itikadi ya Kimarx waliyoishi nayo miaka mingi na kusema sisi sasa ni chama cha wananchi wote, siyo cha wafanyakazi peke yao. Fikiria wazee wa chama walivyojisikia ukumbini siku ile. Lakini angalia namba, 1961 wakapata 36.2, 1965 wakapata 39.3, 1969 wakafika 42.7 na kiongozi wao Willy Brandt akawa kansela, yaani mkuu wa serikali. Miaka kumi. Kila uchaguzi watu wachache wanasema hawa kweli wamebadilika, wanaingia.

Tony Blair wa Uingereza naye mwaka 1995 alikifanya chama cha Labour kifute kifungu cha katiba yake kilichodumu tangu 1918, kile cha umma kumiliki njia za uzalishaji, na 1997 wakashinda viti 418. Nisikudanganye kwamba kifungu peke yake ndo kiliwapa ushindi, Conservatives walishaharibu heshima yao ya kusimamia uchumi tangu 1992 na Labour ilikuwa inaongoza kwenye tafiti za maoni ya wapiga kura hata kabla. Lakini mtu aliyekuwa anaiogopa Labour alipata sababu ya kuacha kuiogopa, kwa sababu aliona wamepigana wenyewe kwa wenyewe hadharani juu ya kitu walichokipenda.

Kwa hiyo mjumbe, kabla hamjaandika hotuba nyingine ya radhi, kaeni mjiulize mko tayari kuachia nini. Kuna mtu atakayeng'oka? Kuna sera itakayofutwa, na tarehe ya kuifuta? Kuna mradi utakaorudishwa kwa watu? Kama jibu ni hapana kwa yote bora mnyamaze kuliko kuomba radhi tupu, maana radhi tupu inamkumbusha mtu kosa halafu haimpi kitu cha kumtuliza.

Ila kuna gharama upande wa pili na mwenye chama aijue. Ukibadilika sana kuwafuata waliokukimbia, wale waliokuwa wamebaki wanaweza kukutoka kimya kimya. Labour walishinda tena 2001 kwa kishindo, lakini waliojitokeza nchi nzima walishuka mpaka asilimia 59, na maeneo mengi ya wafanyakazi waliyokuwa wanayahesabu ni yao watu hawakuona sababu ya kutoka. Deni hilo lilikuja kudaiwa baadaye sana.

Niko kwenye timu ya vijana ya kampeni. Tunarusha meseji kila siku, tuna magrupu ya WhatsApp kibao, tuna mabango na magari ya matangazo, lakini ukiangalia wanaojibu ni sisi kwa sisi. Tunakosea wapi?

Kijana wangu, umeshajijibu, mnaongea wenyewe. Aliyesusa alishatoka kwenye hilo grupu zamani au ameliziba sauti.

Hili jambo limepimwa kisayansi, siyo maoni yangu. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Marekani, Alan Gerber na Donald Green, walichukua wapiga kura kama 30,000 wa mji wa New Haven wakawagawa kwa bahati nasibu, wengine wakagongewa mlango na mtu, wengine wakapigiwa simu, wengine wakatumiwa barua, wengine wakaachwa. Waliofikiwa na mtu mlangoni walijitokeza zaidi kwa pointi kama nane au tisa za asilimia. Barua ziliongeza kidogo sana, simu hazikuongeza kitu. Tangu hapo majaribio yamerudiwa mara nyingi sehemu nyingi, namba zinapanda na kushuka, wakati mwingine ni ndogo zaidi, lakini mtu kwa mtu bado anabaki juu.

Sasa usikimbie kwenda kugonga milango, sijamaliza. Hiyo ni kumtoa nyumbani mtu ambaye moyoni bado ni wako. Kumgeuza mtu mawazo ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2018 Joshua Kalla na David Broockman walikusanya majaribio 49 ya kampeni za Marekani wakakuta kwamba kwenye uchaguzi mkuu, wastani wa kumgeuza mtu kwa matangazo na kumfuata mlangoni ni kama sifuri. Sifuri! Hela yote ile. Walikuta pia kwamba ukimfikia mtu mapema, miezi mingi kabla, unaweza kumsogeza, ila kama humrudii athari inayeyuka kabla ya siku yenyewe.

Hao hao wawili lakini walikuwa na kazi nyingine kabla, Miami mwaka 2015, iliyochapishwa 2016. Wagonga milango walifundishwa waache kuhubiri, wamuulize mwenye nyumba maswali, asimulie siku aliyobaguliwa au kuonewa yeye mwenyewe, wamsikilize bila kumhukumu, mazungumzo ya dakika kama kumi tu, kisha ndo waingie kwenye mada yao ya ubaguzi dhidi ya kundi dogo la watu. Wenye nyumba walipopimwa miezi mitatu baadaye bado mabadiliko yalikuwepo. Kwa watu wazima kubadilika kwa dakika kumi na kukaa miezi mitatu hiyo ni kubwa sana.

Kwa hiyo ukigonga mlango usianze na ilani. Ilani iache kwenye mkoba. Anza na "tulikukosea wapi", halafu funga mdomo. Hapa vijana wengi mnashindwa, mtu akisema neno la kwanza la hasira mnaruka kujibu na takwimu za maendeleo, hapo mmeshampoteza. Mwache amwage. Andika anachosema mbele yake, akione kinaandikwa. Na siku saba zisipite bila mtu kurudi pale na jibu, hata kama jibu ni kwamba hatuwezi kwa sababu hii na hii. Ukweli ni kwamba kurudi na jibu baya kunamshangaza mtu kuliko kuja mara ya kwanza na ahadi nzuri.

Na hayo mliyoandika lazima yafike kwa mwenye uwezo wa kuamua. Emmanuel Macron kiangazi cha 2016, kabla hajatangaza kugombea, watu wake walizunguka Ufaransa na madodoso maelfu wakiuliza watu nini kinaenda vizuri na nini hakiendi, na yale majibu yakaingia kwenye kampeni, 2017 akashinda kwa harakati ambayo haikuwa na hata miaka miwili. Kisha akaingia ikulu, na Novemba 2018 watu wenye vizibao vya njano wakajaa barabarani wakianzia na kodi ya mafuta, na kilio chao kikubwa kilikuwa hatusikilizwi. Yaani kile kitu kilichompa kura ndicho hicho hicho watu waliona amekiacha mlangoni.

Magrupu msiyafunge lakini. Yanafaa kwa kupanga zamu na kujulishana nani ameenda mtaa gani, basi.

Kwa nini tuhangaike? Mpinzani wetu anaogopwa, tukiwaonyesha watu hatari yake watarudi wenyewe. (Mkongwe wa propaganda)

Watarudi, mara moja. Ukimtisha mtu anakupigia kura huku amekunja uso, na siku ya pili yake anakudai, maana hakukuchagua wewe, alimkataa yule. Uingereza 2024 Labour walipata viti 411, ukisikia hivyo unadhani nchi nzima imewapenda, kumbe walikuwa na asilimia 33.7 tu ya kura, na idadi ya kura zao ilikuwa ndogo kuliko ile ya 2019 waliposhindwa vibaya. Watu walikuwa wanawatoa Conservatives. Umaarufu wa serikali mpya ukaanza kuporomoka ndani ya miezi michache tu. Kura za kutisha ni za mkopo mkongwe wangu, na riba yake ni kubwa.

Nina miaka zaidi ya sabini. Nimepiga kura tangu ujana wangu, chaguzi mbili za mwisho sijaenda na sitaki kwenda. Kila msimu wanakuja vijana wenye fulana mpya, wananiita mzee wetu, kura zikiisha hata salamu hakuna. Nipe sababu moja ya kurudi.

Shikamoo mzee wangu. Sitakupa, maana sababu hiyo wanatakiwa wakuletee wao na mimi siko kwenye chama chochote. Ila naomba nikwambie jinsi wanavyokuhesabu, kisha uamue.

Ukibaki nyumbani wewe unajua umekasirika, lakini karatasi za matokeo hazijui. Pale unaonekana sawa na aliyekuwa anaumwa, aliyesafiri na asiyejali. Na kampeni za siku hizi, hasa nchi kama Marekani ambako vyama vinaweza kupata orodha inayoonyesha nani alipiga kura uchaguzi gani, wanaanza na wale wanaojitokeza kila mara kwa sababu ndo rahisi. Aliyekosa mara mbili tatu anashushwa chini ya orodha, hagongewi mlango, haulizwi shida yake, na sera zinaandikwa kwa ajili ya wengine. Unasusa kwa sababu hawakusikilizi, halafu wao wanaacha kukusikiliza kabisa kwa sababu umesusa.

Wenzetu wa India wana njia ya kununa inayohesabika. Tangu 2013, baada ya amri ya Mahakama ya Juu, kwenye mashine ya kupigia kura kuna kitufe cha kusema simtaki yeyote kati ya hawa. Mwaka 2024 kwenye jimbo la Indore mgombea wa chama cha Congress alijitoa dakika za mwisho, na watu zaidi ya laki mbili wakaenda kupanga foleni wakabonyeza hicho kitufe, kikashika nafasi ya pili. Aliyeshinda alishinda tu, kitufe hakiwezi kumzuia, lakini hakuna aliyeweza kusema wale watu hawajali siasa.

Kwako labda hakuna kitu kama hicho. Basi safari hii wale vijana wa fulana wakija wakuite mzee wetu, waulize swali moja: nilichowaambia mara ya mwisho kiko wapi? Kama hawana hata daftari, funga mlango wako mzee wangu ukapumzike. Kama yupo mmoja atakayesema ngoja nikaulize na akarudi kweli, huyo mpe muda.

Kura za maoni ndani ya chama zilikwisha, mtu wetu aliongoza, jina lake likakatwa huko juu akaletwa mwingine. Sasa tunaambiwa tuzike tofauti zetu tukawaombee kura wananchi. Mimi mwenyewe nimenuna, nitamwombaje mwingine asinune? (Mwenyekiti wa tawi)

Mwenyekiti, pole sana, na ahsante kwa kusema ukweli maana wenzako wengi wanaonuna wanajificha nyuma ya "homa".

Huwezi. Hilo nakujibu wazi. Mpiga kura ananusa uso wa mwombaji haraka sana. Viongozi wengi wanadhani waliosusa ni watu wa mbali, raia wasio na kadi, kumbe mtu wa kwanza kususa ni mwanachama wa ndani aliyeona kura yake imepuuzwa na chama chake chenyewe, na huyu akibaki nyumbani wengi wanabaki naye maana ndiye aliyekuwa anawatoa nyumbani kila uchaguzi. Chama kinachokata majina bila maelezo kinafundisha watu wake kwamba kura haina maana, halafu miezi miwili baadaye kinawaomba watu wale wale wakapige kura. Mimi huwa nashangaa wanavyofanya hivyo bila hata kucheka.

Kama jina limekatwa kwa sababu ya msingi, mfano mtu alihonga wajumbe, basi isemwe na ushahidi uonekane, hata wanaompenda watanung'unika lakini wataelewa. Kama hakuna sababu ya kusemeka basi hakuna sababu. Wewe kama mwenyekiti dai mambo mawili kwa maandishi, hesabu za kura za maoni zibandikwe hadharani, na aliyekatwa apewe nafasi ya kuongea na watu wake mwenyewe badala ya kulazimishwa kushikana mikono jukwaani mbele ya kamera. Ile picha ya kushikana mikono haijawahi kumrudisha mtu.

Wakikwambia hapo ni ngome yetu watu watapiga tu, wakumbushe Botswana, chama cha BDP kilitawala tangu uhuru wa 1966, mwaka 2024 kikabaki na wabunge 4 wa kuchaguliwa. Au Canada 1993, chama tawala cha Progressive Conservative kiliingia kwenye uchaguzi kikiwa na viti zaidi ya 150 kikatoka na viwili. Ngome nayo ina watu ndani, na watu wana miguu.

Tumebakiza miezi michache na hela hatuna. Tunaweza kuwarudisha watu wangapi kwa muda huu? (Meneja wa kampeni)

Wachache, na ukikubali hilo mapema utafanya kazi nzuri zaidi. Kurudisha imani ni kazi ya katikati ya chaguzi. Hakainde Hichilema wa Zambia aligombea urais mara tano akashindwa, 2006, 2008, 2011, 2015 na 2016, ile ya 2015 alikosa kwa kura kama 28,000 tu. Mwaka 2021 akashinda kwa karibu kura milioni moja zaidi ya Edgar Lungu aliyekuwa rais, na waliojitokeza walipanda kutoka asilimia 56 ya 2016 mpaka 70. Hali ngumu ya uchumi ilimsaidia sana, hakuna ubishi, lakini mtu huyo alikuwepo siku zote, watu walipochoka walijua wa kumwendea, na vijana wengi waliojiandikisha upya wakampa.

Wewe huna miaka kumi na tano, kwa hiyo punguza uwanja. Wale wale Liberal Democrats niliowataja juu, waliobaki 8, mwaka 2024 wamepata wabunge 72, na asilimia yao ya kura ilikuwa 12 hivi, karibu sawa na ya 2019 walipopata 11 tu. Hawakuongeza watu wengi, walichagua maeneo wakakaa hapo, madiwani wao wakishughulika na barabara mbovu na mito iliyochafuliwa na maji taka mwaka mzima bila kusubiri kampeni. Mfumo wao wa jimbo moja mshindi mmoja unazawadia hesabu ya namna hiyo, kama kwenu viti vinagawiwa kwa uwiano wa kura nchi nzima basi hii haitafanya kazi vile vile, hapo angalia tu wapi waliolala ni wengi.

Chukua yale matokeo ya vituo niliyomwambia katibu. Toa vituo ambavyo watu wamehama, hao miezi michache haiwatoshi, waache mpaka uchaguzi upite uanze nao taratibu. Baki na vile ambavyo watu wamelala. Kila kituo tafuta watu watatu au wanne wanaoishi hapo hapo na wanaoheshimika, hata kama hawajui kuhutubia, wasiojua kuhutubia ni bora zaidi. Hela ya gari la matangazo walipie nauli na chakula. Wapite mara mbili, ya kwanza kusikiliza na ya pili kurudisha majibu, na mara ya tatu ni asubuhi ya kura yenyewe, kumkumbusha mtu kwa jina kwamba kituo kimefunguliwa. Na mgombea wako mzuie asiahidi chochote ambacho pembeni yake hakujaandikwa jina la mtu wa kudaiwa, atakuchukia mpaka matokeo yatoke.

Maswali ya mwezi ujao yatakuwa ya mikataba ya nyumba za kupanga, tumeni mapema.